Maswali ya Wasomaji: Kombe la FA na Dau la Mnyonge

Habari fupi tuliyoichapisha kuhusu klabu ya Crystal Palace kulitwaa Kombe la FA (yaani la Chama cha Soka) la Uingereza mwaka 2025 imetuletea barua nyingi kuliko tulivyotarajia, kutoka Lamu mjini, Malindi, Watamu na hata Mambrui. Tumechagua zile zilizouliza mambo ambayo wengi wangependa kuyajua, na tumezifupisha bila kuzibadilisha maana. Majibu yanatofautiana urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

SWALI: Assalaam aleikum, Bwana Mhariri. Hapa Mkunguni, kila ifikapo Januari na kaskazi ikivuma, vijana wetu huharakisha kutoka msikitini baada ya Magharibi ili wakiwahi kipindi cha pili cha mechi za Kombe la FA. Wao ni mashabiki wa Arsenal, Chelsea na Manchester United, lakini siku hizo nawasikia wakizishangilia timu ambazo hata majina yake hawawezi kuyatamka. Sisi tulifunzwa kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Mbona katika kombe hili huenda? (Mzee wa Mkomani, Lamu)

JIBU: Waaleikum salaam, mzee wetu. Methali hiyo hukamilishwa kwa kusema kwamba likienda joshi, ni Mungu kupenda, nasi hatuna la kuongeza juu ya hilo. Hata hivyo, katika kombe hili zipo pia kanuni zilizowekwa na binadamu zinazompa mnyonge upepo, na ndizo zinazowafanya vijana wako wasahau timu zao kwa jioni moja.

Ligi Kuu ya Uingereza ina klabu 20, na hakuna aingiaye humo ila kwa kupanda daraja moja baada ya jingine kwa miaka mingi. Kombe la FA huingiwa na klabu zaidi ya 700 kila msimu, na nyingi kati ya hizo ni za watu ambao asubuhi huenda kazini kama sisi: waashi, walimu, madereva, wauza duka. Klabu hizo huanza kuchujana mwezi Agosti, katika viwanja ambavyo watazamaji husimama wameegemea uzio. Mwezi Novemba, katika raundi ya kwanza kamili, hujiunga nazo timu 48 za daraja la tatu na la nne. Ikifika Januari, katika raundi ya tatu, ndipo wanapoingia vigogo wa Ligi Kuu pamoja na wenzao wa daraja la pili, jumla yao 44, na timu zote zilizosalia zikawa 64. Kuanzia hapo, bingwa hupatikana kwa ushindi wa mechi sita tu. Katika ligi timu hucheza mechi 38, na katika mechi 38 fedha hushinda karibu kila mwaka, kwa sababu mwenye wachezaji wengi wazuri hupata nafasi ya kusahihisha kila alipoteleza. Katika mtoano aliyeteleza amekwisha.

Kisha iko droo. Mashindano mengi siku hizi huwatenganisha vigogo ili wasikutane mapema, lakini Kombe la FA halimkingi mtu. Mipira yenye nambari hutiwa chomboni, mtu akatia mkono, na timu itokayo kwanza ndiyo mwenyeji. Droo hii imekuwa ikitangazwa redioni tangu mwaka 1935, na zamani mfuko ulitikiswa makusudi karibu na kipaza sauti ili msikilizaji aliye mbali aisikie mipira ikigongana. Ni kwa bahati ya namna hiyo kwamba mnamo Januari 2021 Tottenham, timu ya José Mourinho wakati huo, ilijikuta ikicheza ugenini kwa Marine, klabu ya daraja la nane kutoka kitongoji cha Crosby karibu na Liverpool, katika uwanja uliopakana na nyumba za watu kiasi kwamba majirani waliutazama mpira kutoka kwenye bustani zao. Tottenham ilishinda 5-0, na hakuna aliyetazamia vingine. Lakini kwa kuwa korona ilikuwa imefunga milango ya viwanja, Marine iliuza tiketi zisizomwingiza mtu popote, kwa pauni 10 kila moja, na watu zaidi ya 30,000 wakazinunua kwa kuipenda tu klabu ambayo wengi wao hawakuwa wameisikia kabla ya droo ile.

Na wakati mwingine mnyonge hufika hadi mwisho. Wimbledon iliingia katika madaraja manne ya juu mwaka 1977, na mwaka 1988 ikaifunga Liverpool 1-0 katika fainali, kipa wake Dave Beasant akiudaka mkwaju wa penalti wa John Aldridge, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika fainali ya kombe hili uwanjani Wembley. Wigan iliishinda Manchester City mwaka 2013 kwa kichwa cha Ben Watson katika dakika za nyongeza, na siku tatu baadaye ikashushwa daraja. Mkasa huo wa Wigan ndio unaoeleza vizuri kuliko maneno yangu tofauti ya ligi na kombe: timu ile ile, wiki ile ile, ligi iliihukumu kuwa dhaifu na kombe likaitawaza. Crystal Palace nayo, iliyoanzishwa mwaka 1905, haikuwa imewahi kutwaa taji lolote kubwa mpaka Eberechi Eze alipofunga bao la pekee dhidi ya Manchester City hiyo hiyo tarehe 17 Mei 2025. Watu wazima walilia uwanjani siku ile, na sidhani kuna aliyewaona vibaya.

SWALI: Mwalimu wetu wa historia alituambia kuwa haya ndiyo mashindano ya kandanda ya kale kuliko yote. Ni nani aliyeyaanzisha, na ilikuwaje? (Mwanafunzi wa shule ya upili, Malindi)

JIBU: Mwalimu wako amesema kweli. Hakuna mashindano ya kitaifa ya kandanda yaliyoanza kabla ya haya. Tarehe 20 Julai 1871, katika ofisi ya gazeti la The Sportsman jijini London, Charles Alcock, aliyekuwa katibu wa Chama cha Soka cha Uingereza, alipendekeza kwamba klabu wanachama zishindanie kombe moja. Alcock alikuwa amesoma Harrow, shule ya mabweni ya watoto wa matajiri, ambako wanafunzi wa bweni moja walicheza na wa bweni jingine kwa mtindo wa mtoano, na wazo lake alilitoa huko. Kombe lilinunuliwa kwa pauni 20 na klabu 15 zikajiandikisha.

Msimu ule wa kwanza ulikwenda kwa namna ambayo leo ingezua ghasia. Klabu tatu zilijiondoa kabla ya kugusa mpira. Wanderers, timu ya Alcock mwenyewe, ilifika fainali ikiwa imeshinda mechi moja tu: wapinzani wake wa kwanza hawakutokea, mechi nyingine iliisha sare na timu zote mbili zikaruhusiwa kusonga mbele, na katika nusu-fainali ilitoka sare na Queen's Park, ambao walikuwa wamesafiri kutoka Glasgow na hawakuwa na fedha za kurudi London kwa marudiano. Fainali ilichezwa tarehe 16 Machi 1872 katika uwanja wa kriketi wa Kennington Oval, mbele ya watu wapatao 2,000 waliolipa shilingi moja kila mmoja. Wapinzani walikuwa Royal Engineers, timu ya wahandisi wa jeshi. Dakika kumi hivi baada ya mechi kuanza, mchezaji wao Luteni Edmund Cresswell alivunjika mtulinga. Wakati huo hapakuwa na wachezaji wa akiba, kwa hiyo alicheza hivyo hivyo mpaka mwisho. Wanderers walishinda 1-0 kwa bao la Morton Betts, aliyekuwa akicheza kwa jina la bandia. Mwaka uliofuata fainali iliwekwa asubuhi ili watazamaji wapate nafasi ya kwenda kuangalia mashindano ya makasia ya vyuo vya Oxford na Cambridge, jambo ambalo msomaji wa pwani hii, anayejua jinsi mashindano ya mashua yanavyoweza kuusimamisha mji mzima, hatalistaajabia.

Kwa zaidi ya miaka kumi kombe lilizunguka mikononi mwa mabwana wa kusini: maafisa wa jeshi, wanasheria, wanafunzi wa zamani wa shule za fahari. Ndipo tarehe 31 Machi 1883 Blackburn Olympic, timu ya wafanyakazi kutoka mji wa viwanda vya pamba huko kaskazini, walipofika Oval kukabiliana na Old Etonians, wanafunzi wa zamani wa shule ya Eton. Nahodha wa Old Etonians alikuwa Lord Kinnaird, mtu aliyecheza fainali tisa za kombe hili maishani mwake. Kocha wa Olympic, Jack Hunter, alikuwa amewachukua wachezaji wake hadi Blackpool kando ya bahari kufanya mazoezi kabla ya mechi, na wapo mabwana waliokunja nyuso wakiona kuwa kujiandaa kiasi hicho si uungwana. Mechi ilikwenda muda wa ziada, na Jimmy Costley, mfanyakazi wa kiwanda cha pamba, akafunga bao la ushindi, 2-1. Hakuna timu ya mabwana iliyolitwaa kombe tena tangu hapo, na miaka miwili baadaye, mwaka 1885, chama kiliruhusu rasmi wachezaji walipwe. Kwa maoni yangu, kombe tunalolipenda leo lilizaliwa siku ile ya 1883 zaidi kuliko 1872, kwa maana ndiyo siku lilipotoka mikononi mwa waliolitengeneza likaenda kwa waliokuwa na njaa nalo.

SWALI: Baba yangu huniambia kuwa zamani timu zikitoka sare katika Kombe la FA zilirudiana. Siku hizi naona muda wa ziada na penalti papo hapo. Ni lini na kwa nini wamebadilisha? (Kijana wa Watamu)

JIBU: Baba yako anakumbuka vizuri, na swali lako limegusa jambo linaloniuma.

Zamani timu zilirudiana mpaka mmoja ashinde, hata ikiwa mara ngapi. Mwaka 1971 Alvechurch na Oxford City, klabu mbili ndogo, zilicheza mechi sita katika raundi moja, saa 11 za mpira, kabla ya Alvechurch kupenya kwa bao moja. Kuanzia msimu wa 1991/92 iliamuliwa kwamba marudiano yawe mara moja tu, na sare ya pili iamuliwe kwa mikwaju ya penalti. Fainali ya mwisho kurudiwa ilikuwa ya 1993, Arsenal na Sheffield Wednesday. Kisha, kuanzia msimu wa 2024/25, marudiano yakafutwa kabisa tangu raundi ya kwanza kamili. Sababu iliyotolewa ni kwamba ratiba imejaa, hasa baada ya mashindano ya klabu za Ulaya kuongezewa mechi. Klabu nyingi za madaraja ya chini zililalamika kwamba uamuzi ulifanywa bila wao kusikilizwa, na naona walikuwa na haki ya kulalamika.

Nitakuonyesha kilichopotea. Mwaka 1972 Hereford United, klabu iliyokuwa nje ya madaraja manne ya juu, ilikwenda Newcastle ikatoka na sare ya 2-2. Kwa kanuni za leo, mechi ile ingeendelea kwa muda wa ziada na penalti papo hapo Newcastle, na huenda jina la Hereford lisingekumbukwa na mtu. Kwa kanuni za wakati huo, Newcastle ililazimika kwenda Hereford. Mvua iliahirisha mechi mara kadhaa, na ilipochezwa hatimaye tarehe 5 Februari, uwanja wa Edgar Street ulikuwa tope tupu, mpira ukidunda mahali pamoja na kunata mahali pengine. Watu waliokosa nafasi walipanda miti na nguzo za taa. Newcastle ilitangulia kwa bao la Malcolm Macdonald zikiwa zimesalia dakika chache. Ndipo Ronnie Radford, ambaye riziki yake alikuwa akiitafuta kwa useremala, alipogongeana pasi na mwenzake, mpira ukanyanyuka kidogo juu ya tope, naye akaupiga kutoka mbali, masafa ya mita zaidi ya 25, ukaingia kona ya juu kabla kipa hajakamilisha kuruka. Watoto waliovaa makoti ya baridi waliumiminikia uwanja wote. Katika muda wa ziada Ricky George, aliyeingia kama mchezaji wa akiba, akafunga la pili, na Newcastle, klabu ya daraja la kwanza, ikatolewa. Bao la Radford huonyeshwa hadi leo kila kombe hili linapozungumzwa, na lilifungwa katika mechi ya marudiano.

Liko pia suala la fedha, ambalo si aibu kulitaja. Mapato ya mlangoni ya mechi za kombe hugawanywa baina ya klabu mbili. Januari 2005 Exeter City, iliyokuwa imeshuka nje ya madaraja manne ya juu na kulemewa na madeni, na ambayo ilikuwa imechukuliwa na mashabiki wake wenyewe, ilikwenda Old Trafford ikatoka sare ya 0-0 na Manchester United mbele ya watu zaidi ya 67,000. Katika marudiano kwao ilifungwa 2-0, Cristiano Ronaldo na Wayne Rooney wakifunga, lakini fungu lake la mapato ya mechi hizo mbili ndilo lililoisaidia kulipa madeni na kubaki hai. Vigogo wana haki ya kupumzisha wachezaji wao. Hata hivyo, ningependekeza kanuni irudishwe angalau kwa timu ndogo inayopata sare ugenini kwa timu ya daraja la juu: hiyo imeshastahili kumwona mgeni wake akivuka mlango wa nyumbani kwao.

SWALI: Je, kombe linalonyanyuliwa leo ni lile lile la 1872? (Fundi wa mashua, Shela, Lamu)

JIBU: Hapana, fundi. La kwanza liliibwa usiku wa tarehe 11 Septemba 1895 kutoka dirisha la duka la viatu jijini Birmingham, ambako Aston Villa walikuwa wameliweka lionekane na wapita njia, na halikupatikana tena. Villa walitozwa faini ya pauni 25. Umbo tunalolijua sasa lilitengenezwa mwaka 1911 na sonara wa mji wa Bradford, na timu ya kwanza kulitwaa ikawa Bradford City, mwaka huo huo. Limefuliwa upya mara mbili baadaye kwa kuwa lilichakaa kwa kubebwa na kubusiwa, lakini umbo halikubadilishwa.

SWALI: Nimewahi kusikia habari ya farasi mweupe aliyeokoa fainali. Ni kweli au ni ngano? (Msomaji wa Maweni, Malindi)

JIBU: Ni kweli. Ilikuwa fainali ya kwanza kuchezwa Wembley, mwaka 1923, Bolton Wanderers dhidi ya West Ham United. Hesabu rasmi ni watu 126,047, lakini walioruka kuta na kuvunja malango walikuwa wengi mno, umati ukafurika mpaka ndani ya uwanja wenyewe. Askari George Scorey, akiwa juu ya farasi wake Billy, aliyekuwa wa rangi ya kijivu ingawa pichani anaonekana mweupe, alisaidia kuwarudisha watu hatua kwa hatua mpaka kwenye mistari, na mechi ikaanza baada ya kuchelewa karibu dakika 45. Bolton walishinda 2-0. Baada ya hapo tiketi za fainali zikawa zinauzwa kabla ya siku ya mechi.

SWALI: Nafundisha shule ya msingi na wasichana wangu wanaupenda mpira kuliko wavulana. Nikiwasimulia habari za Kombe la FA huniuliza: wanawake walikuwa wapi? Niwajibu nini? (Mwalimu wa kike, Malindi)

JIBU: Waambie, Mwalimu, kwamba walikuwepo na wakafukuzwa. Tarehe 26 Desemba 1920 timu ya Dick, Kerr Ladies ya Preston, iliyoanzishwa na wafanyakazi wa kike wa kiwanda kilichokuwa kikitengeneza silaha wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, ilicheza na St Helens Ladies katika uwanja wa Goodison Park mbele ya watu wapatao 53,000. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1921, Chama cha Soka kilizikataza klabu zake kuwapa wanawake viwanja, kikidai kwamba mchezo huo hauwafai. Katazo hilo lilidumu nusu karne. Wanawake waliendelea kucheza katika bustani za umma na viwanja vya raga, bila mapato na bila marefa wa chama.

Kombe lao la kwanza lilichezwa msimu wa 1970/71, wakati katazo lilipokuwa linaondolewa, na fainali ya Mei 1971 Southampton iliishinda Stewarton Thistle ya Uskoti 4-1. Mwaka 2023 fainali ya wanawake ilichezwa Wembley mbele ya watu 77,390, Chelsea ikiifunga Manchester United 1-0 kwa bao la Sam Kerr. Wasichana wako wapewe tarehe hizo tatu, 1921, 1971 na 2023, waziandike ubaoni na kuzitoa moja kwa nyingine wenyewe. Miaka ile hamsini ya katikati haikuwa ya kukosa vipaji wala watazamaji, na ni haki yao kulijua hilo wakiwa bado wadogo.

SWALI: Tunasimulia sana ya Uingereza. Waafrika wana sehemu gani katika kombe hilo? Na kombe letu la Kenya je? (Mfanyabiashara wa Langoni, Lamu)

JIBU: Sehemu yao ni kubwa. Bao la pekee la fainali ya 2008, lililoipa Portsmouth kombe, lilifungwa na Nwankwo Kanu wa Nigeria. Yaya Touré wa Ivory Coast alifunga bao la pekee katika nusu-fainali ya 2011 dhidi ya Manchester United, kisha bao la pekee katika fainali dhidi ya Stoke City, na ndivyo Manchester City ilivyopata taji lake la kwanza kubwa baada ya miaka 35. Didier Drogba aliyapita yote hayo: alifunga katika fainali nne, 2007, 2009, 2010 na 2012, na Chelsea ikashinda zote nne.

Ama kombe letu, ndugu yangu, linastahili kusimuliwa zaidi ya tunavyolisimulia. Limebadilishwa majina kila alipobadilika mfadhili au mkubwa: lilikuwa Moi Golden Cup, likawa Kombe la Rais, kisha GOtv Shield, SportPesa Shield, Betway Cup na Mozzart Bet Cup. Naamini mabadiliko hayo yamelidhuru, kwa sababu baba hawezi kumsimulia mwanawe habari za kombe ambalo mwana analijua kwa jina jingine. Lakini matunda yake yapo. Ni kwa kulitwaa kombe la nyumbani kwamba Gor Mahia waliingia katika Kombe la Washindi barani Afrika, na mwaka 1987 wakalichukua: walitoka sare ya 2-2 na Espérance jijini Tunis, wakatoka sare ya 1-1 Kasarani, wakatawazwa kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa taji la bara. Bandari, timu ya Mombasa inayoshangiliwa na wengi wetu huku pwani, ilishinda kombe hili mwaka 2015 na tena mwaka 2019.

Na anayetafuta Hereford ya Kenya asitafute mbali. Mwaka 2025 Nairobi United, iliyokuwa bado katika daraja la pili, iliifunga Gor Mahia 2-1 katika fainali. Gor Mahia ni klabu yenye mataji mengi ya ligi kuliko yoyote nchini. Nairobi United haikuwa imecheza hata mechi moja ya Ligi Kuu. Nilitarajia habari ile izungumzwe kwenye kila baraza kwa mwezi mzima, nayo ikapita kwa siku mbili. Tungetoa robo tu ya muda tunaowapa Arsenal, kombe letu lingekuwa na joto lake.

SWALI: Sisi vijana wa mtaa tunaandaa kombe letu la usiku mwezi wa Ramadhani. Tuna timu 11 na uwanja mmoja wenye taa. Mwaka jana tulipanga vibaya tukagombana. Tupange vipi? (Katibu wa timu, Mambrui)

JIBU: Hesabu ya mtoano ni nyepesi mkiielewa mwanzo wake: kila mechi humtoa mmoja, na mwisho hubaki mmoja, kwa hiyo timu 11 zinahitaji mechi 10. Mtoano hukaa sawa timu zikiwa 8 au 16. Toeni 11 katika 16, mtabaki na 5: hizo ndizo timu zitakazopita raundi ya kwanza bila kucheza. Sita zilizobaki zicheze mechi tatu, washindi watatu waungane na wale watano, mkawa na timu 8. Kuanzia hapo ni robo-fainali nne, nusu-fainali mbili na fainali. Msiruhusu timu yoyote ipite bila kucheza katika raundi nyingine yoyote, kwa kuwa hapo ndipo manung'uniko huanzia.

Timu tano za kupita bure zipatikane kwa kura, si kwa ukubwa wa jina. Mtashawishiwa kumpa bingwa wa mwaka jana nafasi ya kuwasubiri wenzake mbele. Waingereza walifanya hivyo mwaka 1873, Wanderers wakaingizwa fainali moja kwa moja kama mabingwa watetezi, na utaratibu huo haukurudiwa tena. Orodha za wachezaji zikabidhiwe kabla ya droo, na aliyeichezea timu moja asiichezee nyingine katika kombe hilo hilo hata timu yake ikitolewa. Kanuni hiyo ipo katika Kombe la FA na huzuia wachezaji kununuliwa katikati ya mashindano. Kuhusu sare, pamoja na yote niliyoandika hapo juu, uwanja wenu ni mmoja na nyusiku za mwezi ni chache, kwa hiyo sare zote hadi za nusu-fainali ziamueni kwa penalti papo hapo, na fainali peke yake muipe muda wa ziada kwanza. Droo ifanyike baada ya Tarawehe, manahodha wote 11 wakiwa wamekaa mbele, karatasi ziwe za ukubwa mmoja na zikunjwe sawasawa, na mkono wa kuzitoa uwe wa mtoto asiye na kaka katika timu yoyote.